Wimbo wa Ndahani Usio na Jina

Sogeeni karibu. Kisa chenyewe ni kifupi, swali lake ndilo refu.

Katika kijiji kimoja cha Ugogo palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mbeleje alikuwa na mikono: ukienda kwake umepinda mgongo, unarudi umenyooka. Malogo alikuwa fundi wa mazeze, akigonga kibuyu kwa ukucha alijua kitalia vipi kabla hajakikata. Wa tatu, Nyemo, kipaji chake kilikuwa maneno. Akikusimulia mvua katikati ya kiangazi, unajikuta umetazama juu.

Wote watatu walimpenda mtu mmoja, Ndahani mpiga zeze. Mbeleje alikuwa dada yake, Malogo rafiki yake tangu utotoni, na Nyemo binti yake wa pekee. Zamani Ndahani akipiga, mkewe Wendo ndiye aliyeimba. Wendo alipofariki, mzee aliendelea kupiga peke yake, na watu walijua kuwa hapigi kwa ajili yao. Alikuwa anamtafuta mkewe ndani ya zeze.

Kisha kiharusi kikampiga. Alinusurika, ila mkono wa kulia, ule wa kuvuta upinde, ukabaki umelala pajani kama si wake. Zeze likatundikwa ukutani. Wakati huo Nyemo alikuwa amekwisha kuposwa.

"Mwanangu," Ndahani alimwambia, "nilitaka utoke nyumbani kwangu kwa zeze. Sasa utatoka kimya kimya."

Nyemo akawaomba wakwe zake wangoje hadi baada ya mavuno.

Mbeleje aliacha nyumba yake ng'ambo ya korongo akahamia kwa kaka yake. Kila asubuhi alimpaka mafuta ya nyonyo, akaukanda ule mkono kuanzia begani, akakunja na kukunjua kidole baada ya kidole. Ndahani alimfokea kwa maumivu. Mbeleje aliendelea kukanda.

Malogo aliona zeze la zamani ni zito mno kwa mgonjwa. Alikuwa na kibuyu kizuri alichokihifadhi kwa miaka, atengeneze zeze lake mwenyewe la uzeeni. Akakikata hicho. Upinde akautia mkanda wa ngozi ya mbuzi, ufungwe kiganjani, usianguke.

Nyemo hakuwa na mafuta wala kibuyu. Alasiri alikaa mbele ya baba yake.

"Baba, fumba macho. Zeze liko wapi?"

"Ukutani."

"Litungue."

"Kwa mkono upi?"

"Huko uliko, mkono wako ni mzima. Litungue."

Ndahani alikaza kufumba macho. "Nimelishika," alisema. "Lina vumbi."

"Lifute. Kisha vuta upinde, polepole, uniambie unasikia nini."

Siku za mwanzo aliona zeze tu. Baadaye akauona mkono wake ukienda na kurudi, akausikia uzi ukilia. Alasiri moja machozi yakamtoka, macho yangali yamefumbwa.

"Vipi, baba?"

"Mama yako ameingia. Anaimba."

Tangu hapo Ndahani hakutaka kufumbua macho. Mbeleje akija na mafuta, alimkuta amejiinamia, anatabasamu. "Niacheni, nimekwisha kupiga leo," alisema. Malogo alipoleta zeze jipya, hata hakuligusa. "La kichwani linalia vizuri zaidi," alimwambia.

Nyemo akaogopa. Yeye ndiye aliyemfungulia baba yake mlango ule, na sasa mzee hataki kurudi. Akaketi tena mbele yake, Mbeleje na Malogo wakiwa kando.

"Baba, huko uliko, mimi nipo?"

Ndahani alitafuta. "Hupo. Ni mimi na mama yako."

"Basi niweke. Ni siku ya harusi yangu. Mama anaimba. Mimi nimesimama uani, wakwe wamefika, na siwezi kuondoka mpaka upige."

Mzee akamweka uani, akamwona anangoja. Kisha akafumbua macho. "Dada," aliita, "lete mafuta. Na wewe Malogo, nifunge huo mkanda."

Wakaanza upya. Kwanza aliona, kisha alijaribu. Kidole kikajongea, kiwiko kikafuata. Nyimbo zake za zamani zilikuwa za haraka, mkono haukuziweza, kwa hiyo akatunga mpya, ya taratibu, inayokwenda kwa mwendo wa mkono mgonjwa. Siku ya harusi aliupiga wimbo huo toka mwanzo hadi mwisho. Wanawake waliokuja kupiga vigelegele walisahau. Nyemo akatoka nyumbani kwao analia, na zeze linamsindikiza.

Sasa sikilizeni. Katika ukoo wa Ndahani, wimbo hupewa jina la mtu mmoja tu, na mtu huyo hutajwa kila unapopigwa, hata akiwa amekwisha kufa. Nyemo aliporudi kuwasalimu, wakakaa wote kulizungumza.

"Bila mikono yangu," alisema Mbeleje, "wimbo ungebaki kichwani mwake, akafa nao."

"Bila zeze langu, Mbeleje, huo mkono ungeshika nini?" aliuliza Malogo.

"Na bila kuuona kwanza, shangazi," Nyemo alisema, "mkono ungejuaje pa kwenda?"

Ndahani aliwasikiliza. "Yote ni kweli," alisema. "Lakini aliyenifanya nitamani kufika ni Wendo. Ndiye niliyekuwa namwona. Naye hakunikanda, hakunitengenezea zeze, hakuniambia neno. Mkono huu unachoka, sitatunga mwingine. Ni jina moja tu lililobaki kwangu la kutoa."

Wakaachana bila kukubaliana jina. Mpaka leo wimbo unapigwa, na ukifika mahali pa kutaja jina, mpigaji hunyamaza.

Nyinyi mliosikia yote, mngemtaja nani hapo?