Kaseti ya Fundi Bulaimu

Kuna watu wanaodhani kwamba mkunga ni wa siku moja. Mtoto akishatoka, mama akishakunywa uji wake wa moto, wanaanza kuona kwamba mkunga ana sauti kali, ana mikono mizito, ana maneno mengi. Wanamsengenya kabla hajavuka kizingiti. Wanasahau kuwa mji hauzai mtoto mmoja ukakoma. Ndiyo maana wahenga walituasa tusitukane wakunga na uzazi ungalipo, na hawakuwa na wakunga peke yao akilini. Yaliyompata Bulaimu, fundi wa redio wa Kindu, ni ushahidi wa kutosha.

Miaka ile nchi iliitwa Zaire, chama kilikuwa kimoja, na kila mtu aliitwa sitwayeni, yaani raia, hata aliye tumboni. Bulaimu alikuwa na kibanda karibu na stesheni. Humo mlikuwa na gita ya umeme yenye sauti ya bati linaloburutwa, na kisanduku alichokiunda mwenyewe kwa vipande vya redio zilizokufa. Ukizungusha kifungo chake, kilitoa mlio mrefu kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Vijana walikuja kumsikiliza wakatikisa vichwa, kisha wakaenda zao. Muziki ule ulikuwa kama sombe, mboga ya majani ya muhogo, isiyotiwa mawese: unatafuna, humezi.

Ndipo alipokwenda mtaa wa Mikelenge kwa Jamila. Huyu alikuwa bado mama kijana, mtoto wake wa kwanza hajaota hata meno ya mbele, lakini ndiye aliyeongoza akina mama kuimba katika arobaini za watoto. Kwa watu wale mtoto hakuvushwa kizingiti kimya kimya kama mzigo wa magendo. Siku ya arobaini akina mama walijipanga uani, wakapiga makofi na ngoma ndogo, wakamwita kwa jina lake atoke alione jua.

"Mama Zawadi," Bulaimu alisema, ameketi kwenye kigoda kwa adabu zote, "ninataka kufanya kaseti. Si rumba, si kasida, si makelele ya vijana. Vyote ndani ya chungu kimoja. Hakuna kampuni, hakuna mukubwa wa Kinshasa. Siye tu, hapa Kindu."

"Na siye tutakuwa nani ndani ya chungu hicho?"

"Nitataja majina yenu mbele, mbele kabisa, gita haijalia bado. Kinywa changu njo hiki."

Jamila alikiangalia kinywa hicho, akakiamini.

Waliimba uani kwake, Zawadi akiwa mgongoni amelala. Katungu, mama wa Butembo mwenye duka la chumvi na sabuni, hakuwa Mwislamu, lakini nyimbo hizo alizijua kuliko wengi. Alikuja na kopo la mahindi makavu akalitikisa mpaka jasho likamtoka. Walipofika mahali pa kuita mtoto, Bulaimu alisimamisha mashini yake ya kunasia sauti.

"Taja jina lolote tu, Mama Zawadi."

"Wimbo huu hauiti lolote. Unaita mutoto aliye hapa, na hapa yuko wangu."

Basi wakaimba: *Zawadi, toka, Zawadi, jua linakuuliza.* Na mashini ikanasa.

Kaseti ilienea kama moto wa nyasi. Ilipigwa kwenye mashua za kwenda Ubundu, ikapanda treni ya mizigo mpaka Kongolo. Jamila aliisikia kwa mara ya kwanza dukani kwa Katungu. Gita ilianza kwa mbali, likembe, kile kinanda cha vidole gumba, ikafuata, nyuki wa kisanduku akanguruma chini yake, halafu ikaja sauti yake mwenyewe juu ya vyote, kama mtu anayefungua dirisha. Nywele zilimsisimka. Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomchoma zaidi baadaye, kwamba ilikuwa nzuri kweli.

Aligeuza upande wa pili akisubiri majina. Kila wimbo ulipoanza, mwanamume mmoja alipaza sauti: "Bulaimu! Bulaimu na mashini yake!" Basi.

"Labda amesahau," Jamila alisema.

"Jina lake hakusahau," Katungu akajibu.

Jumamosi ilikuwa siku ya Salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mji. Akina mama walikuwa wameinama barabarani na mafagio yao, na kipaza sauti cha chama kikiwapigia kaseti ile ile ili mikono iende haraka. Jamila alifagia vumbi huku sauti yake mwenyewe ikimwamuru. Kisha wimbo ukakatwa, na kijana wa chama akamkaribisha fundi aseme neno.

"Sitwayeni Bulaimu, hongera! Na wale wamama wanaoimba ni nani?"

Bulaimu alicheka, na kicheko chake kikatua juu ya mabati ya mtaa mzima. "Wale? Wale ni wapiga makofi tu, bwana. Toa bakuli ya maharage, utapata kumi. Njo mashini inawafanya waonekane waimbaji!"

Watu walicheka, maana kipaza sauti cha chama kikicheka ni heri ucheke nacho. Fagio la Jamila lilisimama. Damu ilimpanda mpaka masikioni, akawa hasikii kicheko tena, anasikia kitu kama maji ya Lualaba yakipita kwenye mawe. Kando yake alikuwa Hadidja, mke wa Bulaimu, tumbo limemtangulia kama mtungi, macho yake hayatoki kwenye vumbi.

Katungu alijinyoosha kiuno. "Hadidja, ndugu yangu, umupe bwana yako asante kwa maharage. Lakini umukumbushe kitu kimoja: tumbo hilo halitazaa kaseti."

Jamila hakuweza kulala na donge lile. Jumatatu asubuhi alimkuta Bulaimu kibandani, mbele ya wateja.

"Ulisema utataja majina."

"Mama Zawadi, usiniletee moto. Nyimbo hizo ni za mabibi zenu, hamukuzitunga. Mimi nimeunganisha. Mwenye kuunganisha njo mwenyewe."

"Na sauti ni ya nani?"

Bulaimu aligonga mashini yake ya kunasia kwa kidole. "Sauti imeingia humu. Sasa iko yangu. Nikiitaka, ninabonyeza."

"Vema," Jamila alisema. "Siku utakapoihitaji, bonyeza."

Haukupita muda Hadidja akajifungua mtoto wa kiume, akaitwa Musafiri. Akina mama hawakumtupa Hadidja. Walimkanda, wakampikia uji, wakamwogesha mtoto. Lakini ilipotajwa arobaini, kila mmoja alikuwa na mihogo ya kumenya. Hadidja alimsihi mumewe aende Mikelenge akaombe radhi.

"Radhi ya nini?" Bulaimu alimfokea. "Sauti zao ninazo zote. Mutoto wangu atatoka na muziki ambao hata mutoto wa mukubwa hajatoka nao."

Siku ilipofika, Jamila alikuwa uani kwake akitwanga sombe. Alitwanga kwa hasira, majani yakirukia nje ya kinu. Kutoka mtaa wa pili alisikia kipaza sauti kikikohoa, gita ikaanza, nyuki akanguruma. Halafu, juu ya mabati na migomba, sauti yake ikaita:

*Zawadi, toka, Zawadi, jua linakuuliza.*

Mchi ulimponyoka. Jina la binti yake! Limetupwa mlangoni pa watu kama kiatu kilichookotwa! Alimnyanyua Zawadi kutoka kwenye mkeka akamkumbatia kifuani, kana kwamba kweli kuna mtu anakuja kumchukua.

Muziki ulikatika. Ukaanza tena: *Zawadi, toka.* Ukakatika. Upande wa pili wa kaseti: *Zawadi.* Kisha kimya, kisha sauti ya mwanamume ikijaribu kuimba peke yake, ikapanda, ikapasuka. Mbwa wawili wakaijibu.

Katungu aliingia mbio, ameshika mbavu, hana pumzi. "Mama Zawadi! Mama mukwe wa Bulaimu ametoka Kailo na kuku wake, amesimama katikati ya wageni, anauliza: 'Zawadi njo nani? Mukwe, huyo Zawadi umemuzaa na nani?'" Akajifuta machozi ya kicheko. "Na Hadidja iko mlangoni na mutoto mikononi. Hawezi kutoka, hawezi kurudi. Analia."

Jamila hakucheka. Hapo ndipo Bulaimu alipotokea, jasho limemlowesha mgongo, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

"Mama Zawadi. Mutoto iko mlangoni."

"Bonyeza."

"Ninakuomba."

"Unaniomba mimi, mupiga makofi? Bakuli ya maharage iko wapi? Uliwaambia watu wa Kindu nzima tunapatikana kumi. Mimi ni mmoja, nenda utafute tisa! Umetufagiza barabara kwa sauti zetu wenyewe, ukatucheka. Leo umechukua jina la mutoto wangu, nililomupa mimi kwa uchungu wangu, umeliitia mlangoni pako. Na bado unasema *mashini*?"

Bulaimu aliinamisha kichwa.

Jamila alimfunga Zawadi mgongoni, akakaza kitenge kwa mafundo mawili. "Siendi juu yako. Ninaenda juu ya Musafiri, kwa ajili yake tu, yeye hakunitukana. Lakini wewe utatangulia. Utashika kipaza sauti kile kile, utasema majina yetu, moja moja, na uliyosema siku ya Salongo utayameza mbele ya mama mukwe wako. Kama sivyo, mutoto atavuka kizingiti kimya kama chumvi ya magendo, na kimya hicho utamuelezea wewe akikua."

Akaenda, na akina mama wakaiacha mihogo yao wakamfuata. Bulaimu alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alitaja majina, la Jamila mbele, la Katungu la pili, mpaka la mwisho. Akasema kwamba alisema uongo. Safari hii hakuna aliyecheka.

Mashini ilizimwa. Jamila alisimama mbele ya kizingiti, akaita: *Musafiri, toka, Musafiri, jua linakuuliza.* Kopo la Katungu likajibu, makofi yakajibu, na Hadidja akavuka na mwanawe. Mtoto alikunja uso kwa mwanga, akapiga chafya. Mgongoni mwa Jamila, Zawadi alicheka kwa sauti.

Kisha wali uliletwa. Jamila alimbusu Hadidja, akampapasa mtoto kichwani, akageuka na kuondoka na wenzake wote bila kugusa sinia. Hasira yake alirudi nayo nyumbani, maana ilikuwa yake. Kaseti zilizotoka kibandani baada ya siku ile zilianza kwa majina, gita ikayasubiri yaishe. Nazo zilinunuliwa vile vile.

Lakini sinia lile lilibaki katikati ya uwanja, limejaa, likipoa mbele ya wageni, na Bulaimu amekaa peke yake mbele yake, anajua mkewe bado ni kijana na watoto wengine wanakuja. Hakuhitaji mtu amfasirie: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.