Kifaru Aliyekata Kona za Uwanja wa Mbio

Paukwa?
"Pakawa!"
Pakawa nini?
"Njia isiyokwenda popote!"
Tieni injini moto!
"Vuuum!"

Nilikuwepo. Asiyeamini akaliulize vumbi la siku ile, lanijua kwa jina.

Kiangazi kilikuwa kikali, nyikani limebaki bwawa moja tu. Akaja Kifaru, pua juu.

"Nyie vijidudu! Leo nakimbia. Nitakapopazunguka kabla jua halijatua ni pangu, na bwawa humo humo!"

Nguchiro, mnyama wa kimo cha kiatu, akawatazama wanawe. Ndimi zimewakauka.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Lakini mpaka usiofunga si mpaka. Sharti umalizie ulipoanzia. Na kwa macho yako hayo, utapajuaje?"

"Marahaba. Kwani pua sina? Sisi vifaru tunakunya pahali pamoja maisha yote. Nikifika kwenye mavi yangu, nimefika!"

"Basi hayo mavi ndiyo mwisho?"

"Ndiyo mwisho!"

Kifaru akatoka, tindi-tindi-tindi! Huku nyuma Nguchiro na wanawe wakalisukuma lile donge la mavi, biringi-biringi, wakalihamisha. Kifaru akanusa. "Nimekaribia!" Tindi! Donge likasogea, biringi! "Nimekaribia!" Tindi! Biringi! Upepo ukageuka, naye akageuka: hiyo kona ya kwanza. Akateleza, srrrrr, akakivaa kichuguu kwa makalio: hiyo ya pili, Kona ya Makalio mpaka leo.

Bwawani wanyama wanakunywa tu, gugu-gugu-gugu.

Jua likatua. Kifaru ulimi nje.

"Nguchiro mjukuu wangu, bado mbali?"

"Hapo hapo tu, babu. Ila jua limekwenda. Maji ni ya wote."

Zamani zikapita. Watu wakaikuta njia imeshindiliwa, wakaimwagia lami, wakapanga matairi pembeni, wakasema wameichora wao. Waongo! Mbona magari yote huteleza pale pale, Kona ya Makalio? Mbona huzunguka mchana kutwa, kila moja pua kwenye mkia wa mwenzake, kisha yakarudi yalikotoka na watu wakashangilia?

Fundisho: wanangu, msiwe wajanja. Mjanja mwisho wake ni kunywa maji na wanawe mpaka washibe.

Hadithi imezunguka, imerudi ilipoanzia, nami nazima injini. Yote nimeyaona kwa macho haya mawili. Ila Kifaru, huyo nimemtia hadithini mimi.

Mavi yalikuwepo.