Msimamizi Aliyegawa Maziwa

Wapendwa, vikapu vya wahitaji nimeviona. Vimejaa mchele, sukari, mafuta na sabuni, mpaka imebidi vingine vipangwe kwenye ngazi za madhabahu. Mungu awaone. Najua mnangoja niviombee ili tuimbe twende tukale. Nitaviombea. Lakini kwanza kaeni vizuri niwape mfano mmoja, na ninyi wa nyuma mlioanza kusinzia, huu ni wenu pia.

Palikuwa na mlima uliozuia njia ya reli. Wakubwa wakaamua utobolewe, treni ipite tumboni mwake. Wakaweka vikosi viwili, kimoja kianze upande wa mashariki na kingine upande wa magharibi, vikutane katikati. Kikosi cha mashariki kilikuwa na msimamizi wake, na mfano wetu unamhusu yeye.

Alikuwa mtu mwema. Naomba mlishike hilo, maana mbele ya safari mtataka kulisahau. Hakuwa mlevi, hakumtukana mtu, na kanisani kwao alikaa benchi la mbele. Wanaume wengi wa kijijini kwake walipata kazi kwa mkono wake, akiwamo mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuwa fundi wa mashine ya kutoboa mwamba. Siku wanaondoka nyumbani, mama yao alimshika mkono yule mkubwa akamwambia, "Mwanangu, huyu nakukabidhi. Unirudishie kama nilivyokupa." Naye akajibu, "Mama, huyu si damu yangu?"

Sasa, wangapi humu mmewahi kuingia kwenye handaki linalochimbwa? Sioni mkono. Basi nisikilizeni. Mwamba ukitobolewa mkavu unatoa vumbi la mawe, laini kuliko unga wa sembe, linaelea tu hewani wala halitui. Mtu akilivuta linashuka kifuani na kukaa huko huko. Kwa sababu hiyo wachimbaji wana sheria mbili. Kwanza, mashine itoboe huku maji yakitiririka kwenye tundu, ili vumbi ligeuke tope lianguke chini. Halafu kuna hewa. Mlangoni kwa handaki hukaa feni kubwa inayosukuma hewa safi ndani ya bomba refu la turubai, bomba lililoning'inizwa juu mpaka kule watu wanakofanya kazi. Kila wanaposonga mbele, kipande kipya cha bomba lazima kiungwe, hewa iwafuate. Watu wakisonga na bomba likabaki nyuma, feni itavuma mchana kutwa na walioko mbele hawatapata kitu.

Msimamizi alizijua sheria hizo kama ninyi mnavyoijua Baba Yetu.

Ila wachimbaji wale walikuwa na desturi yao. Kikosi kitakachoutoboa kwanza ukuta wa mwisho uliobaki kati yao, fundi wake ndiye anayepita tunduni wa kwanza, na wale wa upande wa pili wanambeba mabegani, wanatoka naye mpaka mlangoni kwao wakiimba. Kisha walioshindwa wanapika pilau ya wote. Msimamizi aliitamani siku hiyo. Alitaka mdogo wake ndiye abebwe.

Lakini maji yalileta tope, na tope lilichelewesha kazi. Kuunga bomba nako kulitaka mashine zizimwe. Basi akawaambia watu wake, "Wiki hii toboeni mkavu. Bomba tutaunga Jumatatu." Jumatatu ikafika, akasema Jumatatu ijayo. Wapendwa, hakuna siku ambayo mtu yule alikaa akaamua kuua. Alisema Jumatatu tu. Na vipande vya bomba vikabaki stoo, vipya, vimekunjwa kama vilivyotoka kiwandani.

Mdogo wake akamfuata mezani kwake. Na meza ya msimamizi ilikuwa wapi? Humo humo handakini, pale pale bomba lilipoishia. Hewa yote iliyosukumwa kwa ajili ya watu wa mbele ilimshukia yeye mgongoni.

"Kaka," akasema yule fundi, "kule mbele hatuonani. Taa ya mwenzangu naiona kama kiini cha yai. Watu wanakohoa. Tuungie bomba."

"Mbona hewa ipo?" akashangaa msimamizi. Na alishangaa kwa dhati, maana karatasi zake alikuwa amezigandamiza kwa jiwe zisipeperuke.

"Hapa ipo. Twende mbele ukaone."

Hakwenda. Lakini alimpenda mdogo wake, msije mkadhani hakumpenda, na maneno yale yalimkaa rohoni siku nzima. Kesho yake asubuhi gari likaja limebeba maziwa.

Mnacheka nini? Nani humu hajawahi kuambiwa kwamba maziwa yanasafisha kifua? Fundi rangi tunamwambia anywe maziwa. Msaga mahindi tunamwambia anywe maziwa. Mbeba saruji naye hivyo hivyo. Basi msimamizi akanunua maziwa kwa jasho lake mwenyewe, pakiti ya baridi kwa kila mtu kila zamu, akasimama mlangoni akigawa kwa mkono wake. Watu wakapiga makofi. "Mungu akuzidishie, bosi!" wakamwambia. Siku hiyo alirudi kambini mwepesi, anapiga mluzi.

Mdogo wake naye aliipokea pakiti yake kwa mikono miwili, akanywa, akafuta maziwa na vumbi mdomoni. Kisha akasema taratibu, "Kaka, maziwa nashukuru. Na bomba?"

Msimamizi akawaka. "Wewe una matatizo gani? Wenzako wote wanashukuru, ndugu yangu ndiye wa kunitia aibu mbele za watu? Kuna watu hata uwafanyie nini hawaridhiki!"

Yule fundi akarudi kwenye mashine yake, na wengine waliosikia wakamfuata. Utamdai mtu vipi wakati mkononi umeshika pakiti yake? Hapo ndipo maziwa yale yalipofanya kazi. Kifuani hayakufika hata tone, ila midomo yaliiziba kabisa.

Kikohozi kilipozidi, msimamizi akaongeza maziwa. Hebu litazameni jambo hilo bila haraka. Mtu anakohoa mpaka anashika magoti, anapewa pakiti ya pili. Na stoo yenye bomba iko hapo hapo mlangoni, ufunguo uko mfukoni mwa mgawa maziwa.

Siku ya siku ikafika. Kikosi cha mashariki kikaufikia ukuta wa mwisho kwanza, na mashine ya yule fundi ndiyo iliyoutoboa. Wakapiga vigelegele. Tundu lilipopanuliwa, upepo ukaingia kutoka upande wa magharibi, upepo wa kweli, na lile wingu la vumbi likasukumwa lote nyuma. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu msimamizi, aliyekuja mbele kushangilia, akawaona watu wake pale pale kazini. Walikuwa weupe nywele, nyusi na kope, kama waliomwagiwa gunia la unga. Macho yalikuwa mekundu. Hakuna aliyekuwa amesimama wima.

Ng'ambo ya tundu walikuwepo wale walioshindwa, matope hadi magotini, wanacheka. "Haya, pilau ni juu yetu!" Na juu ya vichwa vyao, bomba lao lilining'inia mpaka mwisho kabisa wa mwamba. Mmoja wao akachungulia huku na huku, akauliza bila ubaya wowote, "Na ninyi bomba lenu mmelipitisha wapi? Mbona silioni?"

"Fundi apite! Fundi apite!" watu wakapaza sauti. Yule fundi akaweka mashine chini. Akainama apite tunduni, akashika mwamba kwa mkono mmoja, akabaki hivyo hivyo. Kisha akakaa chini. Desturi haikuvunjwa, wapendwa. Watu wa magharibi walimvuta tunduni, wakambeba mabegani, wakatoka naye mpaka mlangoni kwao. Ila walikuwa wanakimbia, na hakuna aliyeimba.

Hospitalini daktari akaishika picha ya kifua kwenye mwanga. "Haya ni mawe, mzee. Vumbi la mawe. Likishakaa humu halitoki, na mimi sina dawa ya kulitoa."

"Lakini daktari, alikuwa anakunywa maziwa!" akasema msimamizi. "Kila zamu! Nilikuwa nampa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu!"

Daktari akamtazama. "Maziwa yanakwenda tumboni, mzee. Huyu alikuwa anavuta pumzi kwa mapafu."

Msimamizi akamrudisha mdogo wake kwa mama yao. Mama hakumlaumu, na afadhali angemlaumu. Alimpokea mwanawe mlangoni, akamwongoza mpaka kitandani, basi. Tangu hapo msimamizi akawa anakwenda kumwona kila Jumamosi, na hakwenda mikono mitupu. Mnafikiri alibeba nini? Maziwa. Safari hii ni ya ng'ombe wake mwenyewe, yamechemshwa na mkewe, kwenye chupa ya chai yasipoe.

Jumamosi moja alimkuta mdogo wake amekaa kitandani, ameegemea mito, mabega yanapanda na kushuka kwa shida. Akamimina kikombe, akampa. Mdogo wake akakisukuma kando.

"Kaka," akasema, na kila neno alilitafutia pumzi yake, "weka hayo chini. Nifungulie dirisha."

Msimamizi akageuka haraka alifungue. Dirisha lilikuwa wazi.

Sawa. Tuje kwetu.

Sisi ni watu wa maziwa, wapendwa, tena tumebobea. Dada wa kazi analala jikoni juu ya mkeka na hajui siku ya kupumzika ikoje, lakini Krismasi tunamnunulia gauni na tunamwambia azunguke tulione. Kibarua anamaliza mwezi hajalipwa haki yake, lakini akiugua sisi ni wa kwanza kufika na machungwa. Tunapenda kutoa. Kutoa kunatupendeza sana, kwa sababu anayetoa ndiye anayeshukuriwa. Ukiunga bomba nani atakupigia makofi? Na tunapokutana na mtu mmoja anayesema asante halafu akauliza swali lake, tunamwambiaje? Tunamwambia hana shukrani. Tunamwambia hivyo hata humu ndani, kwenye vikao vyetu vinavyofunguliwa kwa sala.

Yupo mama katika usharika huu aliyefiwa na mumewe. Shamba la mpunga alilolima na mumewe, ndugu mmoja wa marehemu akalichukua kabla matanga hayajaisha. Mnajua habari hiyo. Nyote mnajua, maana mlikuwepo msibani na mlikula hapo. Lakini hatukumtupa, au siyo? Kila msimu kikapu chake hujaa kabla ya vingine. Juzi alikuja kuniona. Alishukuru kwa mchele, akawashukuru ninyi kwa majina. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Na shamba, mchungaji?"

Nani kati yetu atamjibu?

Aliyelichukua shamba lile yumo humu leo. Sitamtaja, na ninyi acheni kugeuza shingo. Kikapu kikubwa kuliko vyote hapa mbele, chenye mchele mpya uliochambuliwa ukapendeza, amekileta yeye. Nimemwona akikishusha, nimeona na mlivyompongeza. Ndugu yangu, mchele huo umevunwa shamba gani?

Tusimame, tufumbe macho tuombe. Vikapu vingine vyote nitaviombea. Kile kimoja siwezi, mdomo wangu unakataa. Nitaomba polepole, ili mwenyewe apate nafasi ya kuja kukiondoa. Na kesho asubuhi nitakuwa ukingoni mwa lile shamba na yule mama. Na huyo ndugu aje mikono mitupu, aje amwonyeshe mama mpaka wa shamba lake.