Ushahidi Uliochelewa wa Nuzha Muuza Manukato

Alitawala katika mji wa Zumaridi sultani aitwaye Badrudini, na katika sheria zake moja ilikuwa nzito kuliko zote: atakayeona uhalifu asiupeleke kwa kadhi siku ile ile, ataadhibiwa kama aliyeutenda.

Basi Nuzha, mjane kijana muuza manukato, alimwona kwa macho yake Ghalibu, mwana wa Sultani, akilitia moto ghala la hariri watu wakiwa katika sala ya adhuhuri, kwa hasira ya kunyimwa binti wa mwenye ghala, na moto ukamrukia mkononi. Na hofu ikamfunga Nuzha ulimi. Kesho yake akasikia kwamba ametiwa nguvuni Jauhari, mpagazi wa pale ghalani, na kwamba atakatwa kichwa. Akataka kwenda kusema, lakini siku ilikwisha pita, na kusema sasa ni kujishitaki nafsi yake.

Akaisugua pete aliyorithi kwa mamaye, na jini Shamhudi, mtumwa wa pete, akatokea akainama. Nuzha akamsihi aende yeye kutoa ushahidi.

"Bibi yangu," akasema jini, "naweza kuling'oa gereza nikamtua mpagazi ng'ambo ya bahari saba, ila huko nako ataitwa mchoma ghala. Na ushahidi wangu haukubaliwi na kadhi yeyote, maana sina shingo ya kukatwa. Lakini nambie, sheria yenyewe ikiwaziba midomo, ninyi wanadamu husema kwa amri ya nani?"

Nuzha akatoka, na swali lile likafuatana naye njia nzima hadi barazani kwa Sultani. Akaeleza yote mbele ya Ghalibu, naye akakana; Nuzha akaomba apandishwe mkono wa kanzu, na alama ya moto ikaonekana mbichi. Ndipo Sultani, uso umemsawijika, akamuuliza kwa nini hakuja siku ile.

"Maulana, siku ya kwanza nilimwogopa mwanao, na ya pili nikaiogopa sheria yako. Wako wangapi waliochelewa siku moja wakanyamaza milele?"

Sultani akamgeukia kadhi, na kadhi akakiri kwamba hajui, kwa kuwa watu hao hawajapata kumjia.

Badrudini akaamuru wajibu wa kusema ubaki, ila mlango wake usifungwe kwa aliyechelewa, na mwenye kusema awe katika ulinzi wa Sultani. Ghalibu akatiwa gerezani, na Jauhari akafunguliwa, akaenda kumposa aliyeiweka shingo yake mahali pa shingo ya mpagazi. Nuzha akaridhia, na Sultani akatoa mahari na shamba la waridi, wakaishi kwa neema.

Na mwenye masikio azingatie: ukweli uliochelewa bado una mtu anayeungoja.