Gari Lililokaa Eda

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kwa udongo na asituache kuwa udongo mtupu, nakifungua kinywa changu. Sifa njema zote ni Zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu, jamaa zake na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hata siku ya malipo.

Baada ya hayo, enyi waumini, ni adabu ya msimulizi kutaja kisima alichochotea. Mfano huu hautoki kitabuni. Nimeutunga mwenyewe, na mbegu yake nilipewa na fundi mmoja wa umeme wa magari, aliyenifunza jambo nisilolijua: kwamba gari la kisasa, hata likizimwa, halilali. Basi nitegeeni masikio.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, mkunga mstaafu, katika mji mdogo juu ya kilima. Hospitali ilikuwa bondeni, mwendo wa nusu saa kwa gari. Kwa miaka thelathini mama yule alikishuka na kukipanda kilima kile kwa miguu yake, akizalisha wake za watu. Alipozeeka, moyo wake ukaanza kuchoka. Wanawe watatu walioishi nchi za mbali wakamnunulia gari jipya, la kuwashwa kwa kitufe, wakalikabidhi kwa kaka yao mkubwa aliyebaki nyumbani. Wakamwambia, "Hili ni gari la mama. Litunze, siku akizidiwa asikose usafiri."

Naye akalitunza! Alilifunika kwa turubai, akauning'iniza ufunguo msumarini karibu na dirisha, hatua mbili kutoka gari lilipoegeshwa. Nailoni ya kiwandani ikabaki juu ya viti. Kila Ijumaa baada ya sala alilifunua, akaliwasha dakika moja majirani wasikie mngurumo, akalipiga picha na kuwapelekea wadogo zake: "Gari la mama liko salama." Nao wakajibu kutoka huko waliko, "Mungu akulipe, kaka." Akalizima. Akalifunika.

Siku moja yule fundi alipita, akaliona, akasema, "Bwana, hili unaliua. Magari haya ukiyazima, kengele ya mwizi inakesha, kompyuta inakesha, na ufunguo ukiwa karibu hivyo, gari linakesha likiuitikia. Vyote vinakula betri."

"Lakini mimi huliwasha kila Ijumaa!"

"Dakika moja? Kuwasha peke yake kunakula zaidi ya dakika hiyo inavyorudisha. Litembeze nusu saa kila wiki, tena barabarani. Hutaki, chomoa waya mweusi wa betri. Hutaki hilo nalo, nunua ile chaja ndogo ya kulishia betri polepole. Na ufunguo peleka chumba cha ndani."

"Nikichomoa waya, redio itasahau stesheni," akajibu yule mwana. Enyi ndugu zangu, hiyo ndiyo iliyokuwa hofu yake. Redio isisahau.

Mama naye alimwambia, "Baba, nipeleke bondeni nikamwone dada yangu. Amelazwa wiki ya pili."

"Mama, barabara ina vumbi."

"Mimi mwenyewe ni vumbi, mwanangu. Gari ndilo liogope?"

"Nitakuitia bodaboda, mama. Gari hili ni la siku ya haja."

Mama akacheka, akavaa kanga yake, akapanda bodaboda.

Jirani yao aliuza mkaa, na alikuwa na guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi la mizigo nyuma. Mkewe aliposhikwa na uchungu, alikuja kuomba gari, akaambiwa hayohayo ya siku ya haja. Akampeleka kwa guta. Tangu siku ile, akipita penye turubai hakuacha kulisalimu gari.

"Hodi, bi mjane! Bwana mkubwa, gari lako bado lina eda? Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, hili lako linaingia mwezi wa sita. Kwani limefiwa na nani?"

Watu wakacheka. Hata mama, mlangoni, alicheka.

Ikafika siku ya haja. Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, jua limewaka. Mama alikuwa akichambua mchele barazani, akauweka ungo chini, akasema, "Kifua." Mwanawe akalirarua turubai. Akabonyeza rimoti ya ufunguo, milango haikuitika. Akautoa ule ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, akafungua, akabonyeza kitufe. Taa zikapepesa kama macho ya mgonjwa. Chini ya boneti kitu kikalia ka-ka-ka, kikanyamaza.

"Sukumeni!" akapiga kelele. Majirani wakaja, walewale aliowanyima, wakaweka mabega. Lakini gari la gia otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, na hili halikusogea hata shubiri, kwa kuwa bila umeme gia ilikuwa imejifunga. Walisukuma mpaka miguu ikachimba ardhi. Mama, ameegemea nguzo, akauliza kwa sauti ndogo, "Hivi, hili ni gari langu kweli?"

Muuza mkaa hakutania. Alimwaga magunia yake njiani, akatandika kanga, wakamlaza mama juu ya bodi lenye vumbi jeusi. Guta likashuka kilima polepole, kwa maana breki zake ni za guta. Mama alikata roho wakiwa wameshaliona geti la hospitali.

Fundi akaja alasiri, akaunga nyaya kutoka betri nyingine, na gari likawaka mara moja, kwa sauti nzuri kabisa. Mwana akalia, "Ewe betri, kwa nini umekufa leo? Kwa nini leo?"

Fundi akafuta mikono. "Haikufa leo, bwana. Ilikuwa inakufa kila siku. Leo ndiyo mmejua."

Kwa gari hilo wakaenda kumchukua mama. Ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza ndani ya gari lake. Nailoni haikuwa imetolewa vitini, na kila penye shimo barabarani ililia chini ya maiti yake. Hivyo ndivyo eda ya gari ilivyokwisha.

Sasa nawauliza: ni wangapi humu mmekwisha kumlaani mwana yule? Nimeiona laana midomoni mwenu. Na wale watatu wa mbali, waliotuma gari ili wasije wenyewe, mbona hamkuwalaani?

Enyi ndugu zangu, mwana yule ni sisi. Yupo hapa mwenye mama hatua mia kutoka msikiti huu. Kila Ijumaa humpigia simu: "Mama, hujambo? Haya, salama." Dakika moja. Mama amengoja siku saba, moyo wake ukikesha kama ile kompyuta ya gari, umewashwa na kuzimwa. Kumbe simu ile imechukua zaidi ya ilivyorudisha! Nasi twajisemea: mapenzi yangu yapo, nimeyafunika vizuri, siku ya haja nitayatoa. Nani amekwambia utayakuta? Wema tunaouwekea turubai unajila wenyewe gizani, na siku tutakayobonyeza kitufe hatutaweza hata kuusukuma. Tutasema umekufa leo. Malaika watatuambia alivyosema fundi.

Basi tukitoka hapa, asiingie mtu kwake kabla hajafika kwa aliyemfunika. Asiende kwa dakika moja. Aketi nusu saa, anywe hata maji, asikilize habari aliyokwisha kuisikia mara kumi.

Ewe Mola, walioketi wakanisikiliza, wakutanishe na wapenzi wao wakiwa hai. Wape miguu ya kwenda, na mlango wafunguliwe na yule waliyemwendea. Na yule ambaye mama yake keshatangulia, ambaye maneno yangu leo yamemchoma na hana pa kwenda, mrehemu yeye kwanza. Amin.