Kwa Nini Garimoshi Hupiga Honi Kabla ya Kuondoka

Nyinyi mnaoziba masikio kila garimoshi linapopiga honi, hebu yazibueni kidogo. Kelele ile ina asili yake, na asili yenyewe si njema.

Hapo kale, katika nchi ya Relini, magarimoshi walisema kama watu, lakini honi hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni kicheko. Garimoshi akitoka kituoni alicheka, akipanda mlima alicheka, na akianguka ndiyo usiseme, alicheka mpaka akakohoa masizi. Na kuanguka walianguka! Jumatatu mmoja kaingia mtoni, Jumatano mwingine kaparamia duka la mikate. Nchi nzima ilikimbilia huko na ngoma, maana kwao kila ajali ilikuwa sherehe. Aliyeanguka aliinuliwa kwa winchi, watu wakaimba, wakala keki, kisha Meneja Mkuu, Bwana Shekalaghe, akamvisha utepe na kuamuru apakwe rangi mpya. Ndiyo maana karakana yao ilikuwa na mafundi rangi kumi na wawili, na fundi breki hakuna hata wa dawa.

Nyamizi aliingia nchi hiyo kwa kuolewa, akapewa kazi ya kufungua na kufunga lango pale reli inapokatiza barabara. Siku yake ya kwanza kazini, garimoshi wa kijani aitwaye Mbwembwe alikuja kasi, akalizoa lango lote, akaenda nalo mpaka kituoni huku akicheka. Nyamizi alibaki ameshika bawaba. Alidhani watu watapiga kelele, kumbe jirani yake alikuwa anamletea kipande cha keki.

"Mama yangu! Huyu hana breki?" aliuliza.

"Breki zake zilikufa tangu masika ya mwaka juzi," jirani akajibu huku akitafuna. "Wala hazimsumbui."

Nyamizi alifunga safari mpaka ofisini kwa Bwana Shekalaghe. Bwana alimsikiliza kwa adabu zote, akamkaribisha na chai.

"Bibie," akamwambia, "ajali haina kinga."

"Ajali haina kinga, Bwana, lakini breki zina fundi."

Bwana alicheka, akayasifu sana maneno hayo, akaagiza yaandikwe ubavuni mwa Mbwembwe. Kesho yake yakaandikwa kweli, kwa rangi ya dhahabu, na maua pembeni. Breki hazikuguswa. Nyamizi aliyasoma mara mbili, akakosa hata pa kuanzia kukasirika.

Haukupita mwezi akapata barua ya Kalunde, mdogo wake wa tumbo moja. Alikuwa njiani kuja kumtazama, na tiketi ameshakata. Atapanda Mbwembwe, aliandika, maana amesikia hakuna garimoshi anayependeza kama yeye. Nyamizi alipofika hapo akaitafuta tarehe ya safari.

Asubuhi ya siku ya safari alisimama langoni, macho mlimani. Mbwembwe akatokea kileleni na mabehewa yake matatu, akaanza kuteremka. Dereva alikuwamo, ila kazi yake siku zote ilikuwa kuwapungia watu mkono, na hata wakati huo alikuwa akipunga. Nyamizi alipeperusha kitambaa chekundu, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mbwembwe akadhani anashangiliwa. Alimpita akicheka, akaingia kituoni, akatoboa ukuta, na behewa la nyuma likapinduka.

Kabla vumbi halijatua ngoma zilikuwa zimeshafika, na keki pia. Mafundi rangi walikuja mbio na ndoo zao, wakibishana kama safari hii apakwe buluu. Hakuna hata mmoja aliyetazama nyuma. Nyamizi alikuja mbio kutoka langoni, akawapita wote, akajikwaa, akainuka, akaligonga dirisha la behewa kwa viganja.

"Kalunde! Mdogo wangu! Kalunde!"

Ndani ukasikika mguno. Ngoma zikanyamaza, moja baada ya nyingine. Na Mbwembwe, kwa mara ya kwanza tangu aundwe, aligeuza macho nyuma.

"Kwani mle ndani huwa mna watu?" akauliza.

Nyamizi alimkodolea macho. Miaka yote ile Mbwembwe hakujua! Alidhani mabehewa ni mkia wake wa kujipambia. Lakini waliojua walikuwa wamesimama pale pale, keki mikononi, na hao ndio waliomtisha Nyamizi zaidi.

Mbwembwe akataka kucheka, maana ndicho alichofundishwa. Kicheko hakikuja. Likamtoka yowe, refu, la kusisimua mwili, magarimoshi wa vituo vya mbali wakalisikia na kuliitikia. Hawakucheka tena baada ya hapo, wala hawakusema tena.

Kalunde alitolewa hai, lakini mguu wake wa kushoto haukupona. Alipoweza kusimama kwa magongo hakurudi kwao. Alikaa kwenye mlango wa karakana, akasema haondoki mpaka amwone fundi breki kwa macho yake. Bwana Shekalaghe alimletea utepe. Kalunde aliupokea, akashukuru, akafungia gongo lililokuwa limelegea. Siku ya nane fundi breki akaletwa, na mafundi rangi wakakaa chini kufundishwa kazi.

Na tangu siku hiyo garimoshi haling'oi gurudumu kabla ya kupiga yowe lile. Linauliza swali lile lile la Mbwembwe, na haliondoki mpaka mtu wa behewa la nyuma apunge kibendera cha kijani kulijibu kwamba watu wamo. Wa kwanza kukipunga alikuwa Kalunde. Nyamizi naye, kila aliposikia honi, aliacha alichoshika akasimama langoni, akatazama dirisha moja moja mpaka behewa la mwisho lipite.

Kwa hiyo msizibe masikio. Linawaulizia nyinyi.