Kunguni wa Manjano na Mkeka wa Ngiri

Nikisema "Ngano," nyinyi semeni "Ije na pumzi zake." Haya.

Ngano.

Ije na pumzi zake.

Iwe ndefu?

Iwe ya kutosha.

Basi palikuwa na kijiji cha wanyama, na kijiji kile kiliwashwa. Alfajiri kwaru, adhuhuri kwaru, magharibi kwaru-kwaru-kwaru. Kunguni. Na mwenye kunguni hasemi, anaona aibu. Ukimuuliza Digidigi anakuambia kwangu hamna, huku mgongo kauegemeza nguzoni anajisugua.

Ngiri, mwenye nguvu na tumbo lisilojaa, aliitamani nyumba ya Kalunguyeye, yule mjane mdogo wa miiba. Akaenda kwa Nyati, mkuu wa kijiji, akasema kunguni wote wanatoka kwa mjane, wanajificha miibani mwake. Nyati akampa Kalunguyeye siku saba: awamalize kunguni, au ahame na nyumba aichukue Ngiri.

Kalunguyeye hakulia. Alikaa akamtazama kunguni mmoja kutwa nzima. Akaona hana mabawa. Akaona haruki. Akaona mchana anajibanza kwenye mshono wa mkeka, katulia kama hayupo. Akajisemea, "Huyu haji kwa miguu yake. Anabebwa. Anabebwa na nani?"

Akapita nyumba kwa nyumba. Hakuuliza nani ana kunguni. Aliuliza mwasho umeanza lini. Digidigi akasema tangu matanga ya shangazi. Tohe akasema tangu matanga ya babu. Naye mwenyewe akakumbuka: tangu matanga ya mume wake. Na kwenye matanga yote hayo, nani alifika wa kwanza na mkeka kwapani, akaondoka wa mwisho, sufuria ikishakwanguliwa? Ngiri.

Lakini kumshuku mwenye meno marefu si kumshika. Ngiri alipokwenda kugaagaa topeni, Kalunguyeye akaingia kwake, akaukunjua mkeka, akawapaka kunguni manjano mgongoni, mmoja mmoja, kwa unyoya wa kanga. Akaukunja kama ulivyokuwa.

Siku ya tatu Pongo akafiwa. Ngiri huyo, na mkeka wake. Akala, akalala, akala. Siku ya sita Kalunguyeye akaenda kupekua. Kwa Pongo, kunguni wa manjano. Kwa Paa, aliyelala ubavuni pa mkeka ule, kunguni wa manjano. Akawatia kibuyuni.

Siku ya saba barazani, Ngiri kakaa mbele, keshauliza ufunguo. Kalunguyeye akaja na kibuyu, na sinia la ubwabwa wa nazi linafuka moshi.

Akasema, "Mkuu wangu, nimeokota kunguni wa rangi ya dhahabu. Mwenyewe ni mtu wa heri. Akijulikana, sinia hili ni lake."

Ngiri akameza mate, gudu.

"Wangu."

"Hawa wa kwa Pongo, baba?"

"Wangu."

"Na wa kwa Paa?"

"Wangu pia, mama. Wametoka mkekani mwangu. Leta sinia."

Baraza zima likaacha kujikuna.

Nyati akasema, "Nyumba ni ya mjane." Sinia Ngiri alipewa, maana ahadi ni ahadi. Alipokuwa anakula, mkeka wake ukamiminiwa maji ya moto, chwaaa, ukaanikwa juani. Na tangu hapo hakuna aliyeingia matangani na mkeka usiopita maji ya moto na jua. Mwasho ukapungua, nyumba moja baada ya nyingine.

Sasa fundisho, wajukuu zangu, lishikeni: msichunguze mambo. Ngiri hakuchunguza kitu, akala ubwabwa akashiba. Kalunguyeye alichunguza, na mpaka leo kila mwenye kuwashwa humgongea mlango, shoga, hebu nitazamie mkeka wangu. Alitaka alale kwake kwa amani. Kwake ni kwake kweli, ila kulala hawamwachi.

Ngano yangu imekoma hapa. Aliyeisikia, aifikishe, aliyesinzia, asituulize.